Mama Pierrette, Abiria wa Kujazia

Nchelenge nzima, huku kwetu kando ya ziwa, hakuna aliyejua kusafiri kwa basi kama Mama Pierrette, na huyo Mama Pierrette hakuwahi kufika hata Mansa, mji wa njiani tu. Nasema mapema msije mkanikatiza baadaye kuuliza alijuaje. Alijua kwa kuuliza. Kila basi liliporudi kutoka Lusaka alisimama mlangoni akawahoji wanaoshuka: mashimo yameanzia wapi, choo kisafi ni cha mji gani, baada ya saa sita jua linapiga upande upi, dereva aliweka filamu gani. Watu wamechoka, miguu imevimba, wanataka kwenda zao, lakini walimjibu, kwa sababu alikuwa na uso wa kutia huruma. Uso huo ndio uliompatia kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Mabasi yetu ya Lusaka yameandikwa kwamba yataondoka saa kumi na mbili asubuhi, lakini hayaondoki mpaka yajae. Na abiria wa huku hapandi basi tupu. Anachungulia, anaona viti vitupu, anavuka barabara kwenda kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo wapigadebe huingiza watu wao ndani, wanane au kumi, wamevaa nguo za safari, mkononi tiketi za zamani, mapajani mabegi yaliyoshindiliwa matambara. Tunawaita watu wa kujazia. Abiria wa kweli akilipa, mpigadebe anagonga bati mara mbili chini ya dirisha, na mtu wa kujazia wa dirisha hilo anainuka, anasema anakwenda kununua maji, anashukia mlango wa nyuma. Begi haligusi. Begi ni mali ya basi, litamngoja kesho.

Kila mtu stendi anajua mchezo huu. Anayedanganywa ni mgeni tu, na mgeni ndiye anayelipa nauli.

Mama Pierrette alivuka ziwa kutoka Pweto mwaka 2017, akikimbia vita, na bintiye Gaëlle na mkeka mmoja. Mumewe alibaki ng'ambo. Alibaki vipi, hakueleza, nami sikuuliza, maana habari za namna hiyo zinamwondolea mtu hamu ya kula. Walilala kwenye hema katika kambi ya wakimbizi ya Kenani, baadaye wakapewa shamba la mihogo. Gaëlle akaolewa, akamfuata mumewe Lusaka. Mama akaja mjini kukaanga maandazi akashindwa, kwa sababu hakuwa na moyo wa kumnyima mtu. Siku moja Obvious, mpigadebe wetu, akamwona amekaa kwenye benchi ametulia na kifurushi chake, akamwambia, "Bamayo, hivyo munavyokaa, muje mukae ndani ya basi." Akakaa miaka sita.

Kiti chake kilikuwa dirishani, mkono wa kulia, mstari wa tatu. Mgeni akipanda, yeye anasogea kidogo na kumwita akae, "Kuya, papa, ikala. Tunaenda saa hii. Mi minaenda kuona mutoto wangu Lusaka, anazala." Kwa miaka mitatu ya kwanza huo ulikuwa uongo mtupu. Halafu Gaëlle akazaa kweli, na mama yake akaendelea kusema maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Akishamkalisha mgeni anamfundisha. Mimi, Royd Chanda, mnunuzi wa chisense, zile dagaa kavu za Kabuta, ninayekwenda Lusaka mara mbili kwa mwezi, nimeyashika mafunzo yake yote na kiuno changu ni shahidi. Usikae juu ya gurudumu. Asubuhi jua linachoma upande wa kushoto, waache wengine waive. Beba vitenge viwili, kimoja cha magoti, kingine cha kujifunika kichwa mhubiri wa basini akianza, maana mhubiri hamwombei anayekoroma. Beba karanga zenye maganda, kamwe siyo zilizomenywa, kwa sababu kumenya kunaua saa mbili bila wewe kujua. Beba muhogo mkavu wa kuchemsha, siyo samaki; ukibeba samaki utachukiwa hadi Lusaka. Jirani usimuulize jina kabla ya Mansa. Mkimaliza habari zenu mapema mtatazamana kama wakwe. Simu isiyokuhusu ikilia, usiisikilize, utakosa usingizi. Na mto. Mto wake aliushona mwenyewe, akajaza vipande vya nyavu kuukuu. Sponji inalala bapa baada ya saa tatu, nyavu hazilali.

Nilikuwa namcheka. Sisi sote tulimcheka. "Mama Pierrette, leo mnafika lini Lusaka?" Naye anacheka pamoja nasi.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, Gaëlle na mumewe wakaitwa ofisi ya wakimbizi Lusaka wakaambiwa wamechaguliwa kupelekwa Kanada, wao na mtoto. Ndege ni Ijumaa asubuhi. Jina la mama halikuwa kwenye orodha. Basi la Alhamisi ndilo lililokuwa la mwisho kumfikisha kwa wakati, amwone bintiye usiku mmoja, ambebe mjukuu aliyemjua kwa picha ya simu tu. Baada ya hapo ni Kanada, na Kanada hakuna basi.

Jumatano akakata tiketi. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nimekuja kuandikisha magunia yangu yatangulie. Nilimwona karani akiandika jina lake. Aligeuka akanionyesha ile karatasi kwa mikono miwili.

"Papa Royd, angalia. Jina yangu. Ya kweli."

"Safari njema, mama," nikasema. Niliisoma vizuri. Kumbukeni hilo.

Alhamisi alifika kabla ya kila mtu. Alimwambia Obvious, "Leo minaenda kweli, minaenda kuona mutoto wangu Lusaka." Obvious akacheka hadi akashika mbavu, kwa sababu ndivyo alivyosema juzi, na jana, kwa kila mgeni aliyepanda. Karani aliyemkatia tiketi hakuwepo siku hiyo. Mama Pierrette akapanda akakaa kwenye kiti chake cha miaka yote. Hapo ndipo alipokosea, lakini kosa kubwa lilikuwa bado. Basi lilikuwa limejaa nusu tu, na yeye hakuweza kuona mgeni anasitasita mlangoni akanyamaza. Nilimsikia nikiwa kwa wauza chai: "Kuya, mama, ikala, tunaenda saa hii." Ana safari yake ya pekee maishani, na bado anafanya kazi ya watu bure.

Mimi sikuwa na mpango wa kusafiri siku ile. Niliamua tu. Chisense ni samaki mkavu, ingeweza kukaa wiki mbili bila kunuka zaidi ya inavyonuka. Lakini nilikuwa nimeamka mapema, jua lilikuwa zuri, nikaona basi limebakiza nafasi moja, nikalipa. Obvious akahesabu vichwa. Watu wa kujazia walikuwa wameshashuka wote isipokuwa, kwa hesabu yake, mmoja. Akaenda chini ya dirisha la tatu akagonga bati mara mbili.

Mama Pierrette alikuwa katikati ya maneno, anamweleza dada mmoja habari za maganda ya karanga. Akasimama. Nilikuwa mlangoni, niliuona uso wake, na naapa hakuwaza chochote. Miguu ilisimama yenyewe. "Naenda kununua mayi," akasema, akapita, akashuka mlango wa nyuma. Begi akaliacha. Mto akauacha.

Nikakaa haraka. Kiti kilikuwa na joto.

Alifika chini, akapiga hatua tatu kuelekea benchi lake, kisha akasimama na kujishika mdomo. Aliporudi mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Akaja dirishani kwangu anapunga tiketi.

"Obvious, mi minaenda kweli leo. Hii njo tiketi yangu. Mutoto wangu anaenda kesho na ndege."

"Bamayo, mumefanya kazi muzuri," Obvious akamwambia, siyo kwa ubaya. "Basi imejaa. Endeni mukakule." Watu wote wa kujazia wana tiketi mkononi. Watu wote wa kujazia wana mtoto Lusaka.

Ndipo akanitazama mimi.

"Papa Royd, muambie. Uliona jina yangu. Ulisoma."

Obvious naye akainua macho. "Ba Royd, ni kweli?"

Mngetaka niseme nilichanganyikiwa, au injini ilikuwa inanguruma nisisikie. Nilisikia. Nilijua pia kwamba nikisema "ndiyo" nitashuka, nitarudi kunywa chai, na hakuna chochote maishani mwangu kitakachoharibika. Lakini nilikuwa nimeshakaa, na kwa miaka yote ile nilikuwa nimekitamani kile kiti cha dirishani anachokisifu. Nikatoa simu yangu nikaanza kuitazama.

"Mimi sijui habari za tiketi," nikasema.

Basi likaondoka. Alikimbia pembeni, mkono mmoja umegusa bati, akigonga. Aligonga zaidi ya mara mbili. Aliishia kwenye kona ya ofisi za halmashauri, na dada niliyekaa naye akasema, "Kumbe wanaigiza mpaka mwisho hivi." Nikamwambia wanalipwa kwa hiyo.

Haijawahi kutokea nikasafiri raha kama siku ile. Niliuweka mto kiunoni kama alivyotufundisha na nyavu hazikulala. Niliona aibu mpaka Mwense, halafu ikapungua. Nilifungua begi nikakuta karanga zenye maganda, muhogo umefungwa kwenye jani, vitenge viwili, mto mdogo wa mtoto umeshonwa kwa kitambaa chenye maua, na simu yake. Nilimenya karanga hadi Mansa. Mhubiri alipoanza nikajifunika kichwa. Baada ya daraja la Luapula simu ikaanza kulia, jina Gaëlle. Ikalia mara nne. Nikaizima, maana mama mwenyewe alishasema kwamba simu isiyokuhusu inakukosesha usingizi. Nililala hadi Kapiri.

Lusaka tulifika giza limeshaingia. Gaëlle nilimtambua kabla sijashuka; ana uso wa mama yake. Alikuwa amesimama karibu kabisa na ngazi, mtoto mgongoni, anamtazama kila anayeshuka. Begi nilikuwa nimelitupia kitenge juu, na mto nimeubana kwapani.

"Papa, samahani," akaniambia. "Hamukuona mama moya mule, anaitwa Pierrette? Simu yake haipite."

Nilikuwa na simu yenyewe mle ndani ya begi. Ningempa, na ningelazimika kueleza nimeipata wapi.

"Hapana, mama," nikasema. "Labda basi lingine."

"Basi ingine inafika saa ngapi?"

"Kesho jioni."

Akashukuru. Nilipofika getini niligeuka. Alikuwa amepanda ngazi, anachungulia ndani kiti kwa kiti, na mfagiaji anamwambia ashuke.

Nilirudi Nchelenge baada ya siku kumi. Nilikuwa nimeandaa uongo wangu, kwamba nilimtafuta bintiye nikamkosa, na njia nzima niliurudia. Mama Pierrette alikuwa mlangoni mwa basi kama kawaida. Nikampa begi, simu na ule mto mdogo. Ule mkubwa sikumpa, na hakuuomba.

Alivikagua vitu vyake kimoja kimoja. Niliona amekonda. Nikangoja anitukane, na kusema kweli nilitamani anitukane, ningemjibu tukamaliza.

"Ulilala muzuri?" akaniuliza.

"Nililala vizuri, mama."

"Mashimo ya Mwense, banatengeneza?"

"Bado."

"Na filamu?"

Nikamwambia ni kwaya tu, njia nzima. Akaitikia kwa kichwa kama anayeweka jambo mahali pake. Kisha, akiwa anakunja kile kitenge, akauliza kwa sauti ile ile, "Na pale stasyo, haukuona mwanamuke na mutoto mu mugongo?"

"Watu ni wengi pale, mama. Sikuona."

"Beko bengi," akakubali.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na magunia mengine ya kupeleka. Nilichelewa kusudi, basi lijae, nisimkute. Lakini siku ile abiria walikuwa wagumu, na nilipofika dirishani nilimsikia kabla sijamwona: "Kuya, papa, ikala. Tunaenda saa hii. Mi minaenda kuona mutoto wangu Lusaka." Mapajani alikuwa na begi la matambara, na juu yake ule mto mdogo wenye maua.

Nikalipa. Obvious akahesabu vichwa, akaenda chini ya dirisha la tatu akagonga bati mara mbili. Mama Pierrette akainuka. Aliponiona ni mimi, akainama akapangusa kiti kwa kiganja chake, akasogea kando ili nipite.