Shujaa wa Ukutani kwa Shangazi

Magazeti yetu ya katuni tuliyapata kwa madereva wa malori pale Iguguno, tukayatunza kwenye sanduku la bati kama nguo za sikukuu. Mimi na dada yangu ndio tuliokuwa chama kizima cha mashabiki wa yule shujaa anayenyanyua lori kwa mkono mmoja. Beji zetu zilikuwa vifuniko vya soda.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, shangazi akayachukua yote, akayabandika ukutani kwa uji ili nyumba mpya ipendeze. Yote! Tena akayabandika kichwa chini miguu juu, makusudi. "Yakikaa sawa," alisema, "nani atakwenda kuchota maji?"

Basi tukasimama kwa vichwa. Tulifunga magauni magotini, tukasoma huku damu inatujaa usoni na kicheko kinatuangusha. Shujaa alikuwa ananing'inia darajani, na ukurasa unaofuata haukuonekana popote. Tulidhani umebandikwa upande wa ndani, umemezwa na udongo wa ukuta.

Mara babu akaingia, mkono shingoni. Wiki nzima alikuwa analalamika shingo inamuuma, na hakuna aliyejua kisa. Kwa babu, mtoto asiyeamkia alikuwa halali yake fimbo, kwa hiyo hatukungoja kushusha miguu.

"Shikamoo babu!"

Akatutazama, akautazama ukuta.

"Marahaba," akasema, akijikanda shingo. "Anaokoka. Tazameni nyuma ya mlango, chini kabisa."