Mara Ishirini na Moja

Mdogo wangu aliugua akili kwa baraka zote: za shule, za parokia, na za wageni wenye vizibao waliokuja na magari meupe. Si kila mtoto anajaliwa hivyo. Huku kwetu Butembo, mtoto anayezungumza peke yake hupigwa, anayekojoa kitandani hutembezwa na shuka lake mchana kweupe, na asiyetaka kula huambiwa wenzake wamekosa. Wangu alipewa kizibao cha kipimo chake na kalamu mbili, akapigiwa makofi mbele ya bendera.

Jina lake sitaliandika. Sisi Wanande hupeana majina kwa kufuata nafasi ya kuzaliwa, kwa hiyo nikilitaja la kwake, nusu ya wasichana wa mtaa wetu wa Mususa watageuka kuniitikia. Nitamwita mdogo wangu, naye ataniita yaya, yaani mkubwa wake, kama anavyoniita nyumbani.

Mambo yalianzia Beni, kwa koko, nyanya yetu mzaa mama, aliyeishi Mulekera. Ilikuwa miaka ya Ebola. Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka tisa, yuko kwa koko kwa likizo, na koko alipoanza kuumwa, yeye ndiye aliyemshika mkono na kumnywesha maji kwa kikombe. Koko alichukuliwa, hakurudi. Mtoto akafuatiliwa siku ishirini na moja, kama walivyofuatiliwa wote waliomgusa mgonjwa. Kila asubuhi mwanamke mmoja mwenye kizibao alifika, akamwelekezea kwenye paji la uso ile mashine ya joto yenye umbo la bastola, akamtazama akinawa kwa maji yenye dawa ya klore, akaandika, akaondoka. Kuhusu koko hakumuuliza neno. Fomu haikuwa na nafasi hiyo.

Siku ya mwisho yule mwanamke alipiga makofi, na shangazi yetu aliyeishi jirani na koko, pamoja na majirani, wakapiga pia, wakiwa wamesimama mbali.

"Unaona, kadogo?" akamwambia. "Ulinawa muzuri, njo maana ugonjwa ilikukosa. Uendelee vile vile. Ukinawa, hakuna mutu atakufa tena mu nyumba yenu."

Nasaha tamu kweli. Kazi iliyowashinda madaktari wa nchi kadhaa akakabidhiwa mtoto wa miaka tisa, tena kwa sauti ya upole.

Alirudi Butembo akiwa na kazi yake. Alinawa kabla ya kula, baada ya kula, kabla ya kushika daftari, baada ya kusalimiwa. Shule yake ilikuwa na ndoo yenye bomba pale langoni, na mkuu wa shule, ambaye alitafuta kwa muda mrefu mtu wa kuisimamia, hakuamini bahati yake. Mdogo wangu akawa mkuu wa maji. Alisimama langoni kabla ya jua kupanda, akahakikisha kila mkono umepita. Wageni walipokuja walimpiga picha. Jumapili iliposomwa ile Injili ya wanafunzi waliokula bila kunawa, padri wetu alipata tabu; alizunguka na Mafarisayo, akarudi, akazunguka tena, mwishowe akaona njia rahisi ni kumtaja mdogo wangu.

Mama aliketi wima kwenye benchi kama aliyezaa askofu.

Nami sikubaki nyuma. Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha vijana wapenda fasihi, tukikutana Jumamosi katika darasa la kuazima, nikamwandikia mdogo wangu shairi. Nilivifananisha vidole vyake vilivyopauka na ukungu wa asubuhi juu ya vilima vyetu. Watu walifumba macho kwa utamu. Vidole vyenyewe vilikuwa vimepasuka na kutoa damu kwenye maungio, lakini damu haikukaa vizuri kwenye mizani, nikaiacha.

Ebola ilipoondoka tulidhani ataacha. Corona ikaja kumwokoa. Dunia nzima sasa ilinawa, na mdogo wangu akaitazama dunia kwa subira ya mwalimu anayewaona wanafunzi wazito wakifika hatimaye. Mimi ndiye niliyepanda kilima na bido, dumu la maji, kichwani, lita ishirini asubuhi na lita ishirini jioni, na niliona midomo yake ikitikisika anaponawa. Nilidhani anasali. Tulikuwa familia ya kusali sana. Mtu akitikisa midomo hatumuulizi.

Kisha mradi wa wageni ukaisha.

Vizibao vilirudi vilikotoka. Ndoo ya langoni ikaenda kwa mama mmoja jirani wa shule anayetengeneza kasiksi, na baada ya wiki mbili harufu ya klore ikashindwa na harufu ya pombe ya ndizi. Asubuhi ya kwanza bila ndoo, mdogo wangu, sasa yuko darasa la sita, alifika shuleni amebeba kibido chake mwenyewe na kipande cha sabuni. Mkuu wa shule alimsimamisha mbele yangu, kwa kuwa nilikuwa nimemsindikiza.

"Ma fille, ile kazi ilishaisha."

"Ugonjwa pia ilishaisha, monsieur?"

"Mradi ilishaisha," akasema yule mzee. Sijawahi kusikia mtu akisema kweli kwa bahati mbaya namna ile.

Mtoto ni yule yule, maji ni yale yale. Lakini kilichokuwa usafi mwezi uliopita, mwezi huu kikawa utovu wa nidhamu. Alitoka darasani katikati ya hesabu kwenda kunawa, akatoka katikati ya imla, na katika mtihani wa majaribio alitoka mara tatu, karatasi yake ikakusanywa nusu tupu. Mama akaitwa.

"Mama, mutoto yako iko na kitu," mkuu wa shule akamwambia, kwa sauti ya chini waliyonayo watu wanapotaja mashetani. "Examen ya mwisho wa primaire iko baada ya mwezi moja na nusu. Kama anatoka-toka vile mu chumba ya examen, batamufukuza. Mwaka yote inapotea."

Mama alirudi nyumbani akiwa ameshauzuliwa umama wa askofu. Jirani akamshauri chumba cha maombi cha walokole, na mama, Mkatoliki wa rozari tatu kwa siku, akaenda kwa mlango wa nyuma. Waombaji walikuwa saba. Walimzunguka mdogo wangu, wakanyoosha mikono yao kumwekea kichwani, naye akapiga kelele akapita chini ya miguu yao hadi uani. Wakashangilia: pepo limewaka! Pepo gani. Aliona mikono kumi na minne ambayo haijanawa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, mbele ya bido, ngozi ya viganja imekuwa nyekundu kama nyanya iliyomenywa. Midomo ikatikisika. Hapo ndipo, baada ya miaka mitatu na shairi moja, nilipopata wazo la kumuuliza.

"Uko nasali nini?"

"Sisali, yaya. Niko nahesabu."

"Unahesabu mpaka ngapi?"

"Ishirini na moja." Akanitazama kana kwamba nimeuliza siku za juma ni ngapi.

"Na kama unaachia ku ishirini?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye vidole vyake.

"Mutu moja anakufa."

"Nani?"

"Inategemea na siku. Lundi ni ya mama. Mardi ni ya papa yetu, sababu njo siku anaendaka ku mupaka, Kasindi." Akafuta pua kwa bega, asichafue mkono. "Weye uko wa mercredi."

Nimewahi kuambiwa napendwa, tena na watu wenye ufasaha. Lakini hakuna aliyewahi kunipangia siku. Jumatano zote hizo nililala, nikaamka, nikala, nikagombana na watu kuhusu vina, na kuna mtoto nyuma ya nyumba aliyekuwa akinishikilia duniani kwa mikono inayotoka damu. Na koko alipougua, aliniambia, yeye hakuwa ananawa bado, na koko akafa. Njo maana.

Hilo "njo maana" nilimpelekea mama jikoni neno kwa neno. Aliliacha sombe la majani ya muhogo kwenye moto hadi likaungua.

Shangazi wa Mulekera alisema kuna mwanasaikolojia aliyebaki kwenye kituo cha afya kimoja huko Beni, vizibao vilipoondoka, pengine walimsahau. Tukapanda taksi, mama, mdogo wangu na mimi. Njiani kuna kibanda ambapo zamani kila abiria alishushwa kunawa na kupimwa joto. Sasa mama mmoja huchoma mahindi humo. Tulipokikaribia, mdogo wangu akasema kwa adabu:

"Chauffeur, tunashuka hapa."

"Juu ya nini, petite? Ebola ilishaka kwenda kwao!"

"Mwache ashuke," akasema mfanyabiashara mmoja aliyebanwa nyuma na mzigo wake wa vitenge. "Pengine iko na rendez-vous na Corona!"

Gari likacheka. Nami nilikuwa nimefungua mdomo nicheke, mazoea mabaya, nikaona mama anatoa chupa yake ya maji ya kunywa. Alimvuta mtoto karibu na dirisha, akatoa mikono yake nje, akammiminia maji yote, kidogo kidogo, hadi ishirini na moja. Mfanyabiashara akaanza kusoma maandishi ya vitenge vyake.

Mwanasaikolojia alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kandambili, bila kizibao. Alimwomba mdogo wangu amsimulie juu ya koko, na mdogo wangu akasimulia muda mrefu, kikombe kilikuwa cha rangi gani, koko alisema nini. Mama alilia kwa ajili ya mama yake kwa mara ya kwanza mbele yetu. Kisha akajipangusa na kuuliza alichokuja kuuliza:

"Donc, haiko pepo?"

"Hapana, mama. Na haikuwa bidii pia."

Mama aliinamisha kichwa. Nami pia; lile shairi lilikuwa limechapishwa.

Ni ugonjwa, akatueleza, unaowapata watoto wengi kuliko tunavyodhani, na hautoki kwa siku moja. Woga umemfundisha mtoto kwamba kunawa ndiko kunakowaweka watu hai, na ni lazima ajifunze upya, polepole. Akamgeukia.

"Lundi unaachia ku ishirini. Moja tu unaiacha."

"Na kama mama anakufa?"

"Utaogopa. Woga itapanda kama mulima, kisha itashuka. Hapana kukimbia kwenda kumuangalia. Unakaa na yaya wako, munangoja."

Matibabu gani hayo, niliwaza. Hakuna kidonge, hakuna mafuta, hakuna kelele. Kungoja! Hata mimi ningeweza kuyagundua, kama ningekuwa mtu wa kuuliza watoto maswali.

Jumatatu ikafika, siku ya mama. Mama alikuwa ameshaenda sokoni kuuza maharage. Mdogo wangu alinawa, akafika ishirini, akafunga kibido. Akaitazama mikono yake kama mtu aliyeachilia kamba. Tukaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Yaya, twende soko. Kidogo tu. Tunamuangalia toka mbali."

"Hapana."

"Weye nenda, mimi nabaki."

"Hapana."

"Uko na roho mubaya."

"Njo vile."

Alilia. Alinipigia magoti. Alisema kama mama akifa nitaandika nini. Nilikaa, na sina la kujisifu, kwa sababu katika saa ya pili ya kungoja hata mimi nilianza kutazama kona ya njia. Kila mwanamke mwenye beseni kichwani alikuwa mama hadi alipokuwa si mama. Kisha, sijui lini, akaacha kulia. Akaanza kuchora vumbi kwa kidole cha mguu.

Mama akatokea kwenye kona, mzima, mwenye hasira, beseni kichwani.

"Kwani muko nakaa hapa sababu gani, kama mizigo ya Kasindi yenye haina papier? Moto haiko, maji haiko!" Akatua beseni, akamshika mdogo wangu shavuni kwa mkono wake wenye vumbi lote la soko. Mdogo wangu alikaza shingo, lakini hakujitoa. "Njoo unisaidie kuchambua sombe. Lakini kwanza nawa mi..."

Mama akaziba mdomo wake. Tulitazamana sote watatu. Mdogo wangu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha puani, cha mtoto wa darasa la sita.

"Mara ngapi, mama?"

"Moja! Kama batu!"

Akaenda nyuma ya nyumba. Mama nami tulisimama jikoni, tukisikiliza maji. Sauti ikasimama mapema. Akarudi akitikisa vidole, akaketi mbele ya majani ya muhogo.

"Kumi na tisa," akaniambia bila kunitazama.

Nilitaka kumpigia makofi. Nikakumbuka makofi yalitufikisha wapi, nikamsogezea kinu.