Blanketi Sita Sandukuni

Nilikuwa na blanketi sita mpya, na jirani yangu akaniomba moja nikamnyima. Nimechoka kulibeba jambo hili, kwa hiyo acha nilieleze kama lilivyokuwa.

Tuliishi landhi za reli, yale makazi ya wafanyakazi, Nakuru, chumba kimoja, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mume wangu alifanya kazi karakana ya garimoshi, akirudi nguo zake zimeganda grisi. Vumbi la ziwani nalo lilikuja na upepo, jeupe, likakaa juu ya kila kitu. Nilifua mpaka vidole vikapasuka. Basi Hali ya Hatari ilipotangazwa, serikali ikipigana na Wakikuyu walioingia msituni, na watu wakaanza kusema maduka yatafungwa, sikuwaza unga. Niliwaza sabuni.

Nilinunua miche ya sabuni, nikaikata vipande na kuvipanga juu ya kabati vikauke, maana sabuni kavu haiishi upesi. Nikanunua viberiti kwa paketi, mishumaa, nyuzi, tambi za taa, na mafuta ya taa debe mbili nilizosukuma chini ya kitanda. Mume wangu alipojikwaa kwenye debe mara ya tatu aliniambia, "Mama watoto, kama umefungua duka si uniambie nikuletee mizani?" Wanasema akiba haiozi. Waliosema hivyo hawakuwa na panya wa landhi, waliokula mishumaa yangu mpaka utambi.

Lakini blanketi hazikuguswa na panya wala mtu. Zilikaa ndani ya sanduku la bati, na ufunguo ulikaa shingoni mwangu. Kwetu magharibi mtu huzikwa ndani ya blanketi jipya. Wakati wa ile vita kubwa nguo zilipotea madukani, mdogo wangu akafa, na mama yangu akamzika ndani ya gunia la mahindi. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona. Baadaye, nilipokuwa na watoto wangu, nikaapa kwamba hakuna wa nyumba yangu atakayeingia ardhini ndani ya gunia. Tulikuwa watu sita, nikanunua blanketi sita. Kila moja lilikuwa na mwenyewe.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mkikuyu. Mumewe alikuwa ameshachukuliwa na askari, hatujui wapi. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi miwili, na huyo mtoto nilimwogesha mimi siku aliyozaliwa. Tulikopeshana chumvi, tukasukana nywele, tukasengenya wake wa makarani. Sitaki mtu afikiri hatukupendana.

Asubuhi moja askari walipita wakigonga milango ya Wakikuyu peke yao. Wanarudishwa kwao, walisema, wabebe kile mkono unaweza. Kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kuingia mifupani. Akaja kwangu mbio, mtoto amemfunga kwa leso moja nyepesi.

"Mama, nisaidie blanketi moja tu. Nasikia lori iko wazi juu. Huyu atakufa baridi."

Nikamwambia sina. Akatazama sanduku, maana alijua. Nikamwambia hizo ni za kuzikia, kwetu mtoto aliye hai hafunikwi blanketi la kuzikia, ni kumwitia kifo. Ni kweli, mila iko hivyo. Lakini niliikumbuka haraka hivyo kwa sababu ilinifaa. Kuhusu lile kuukuu lililokuwa kitandani nyuma yangu, sikulifikiria mpaka lori limeshaondoka.

Aliitika tu. "Haya, mama."

Kule kuitika kukanichoma. Nikaona aibu, nikataka asiondoke mikono mitupu. Nikachukua nusu mche wa sabuni, chupa ya mafuta ya taa na paketi mbili za viberiti, nikamfungia kwenye kitambaa. Hivyo nilikuwa navyo tele. Nilijisikia mkarimu, Mungu anisamehe. Kwangu mimi, mke wa mtu wa reli kutoka magharibi, kibiriti kilikuwa kitu cha kuwashia jiko. Ningekuwa Mkikuyu mwaka ule ningejua ni kitu gani kingine.

Langoni mwa landhi askari walikuwa wakifungua mizigo. Niliona askari akikung'uta kile kitambaa changu, viberiti vikatawanyika matopeni.

"Hii kibiriti yote ni ya nini? Na mafuta! Unapelekea nani msituni?"

"Ni ya nyumbani, afande."

"Nani amekupa?"

"Nilinunua."

"Duka gani?"

"Nimesahau."

Akampiga kofi. Mtoto akaanza kulia. Akamwuliza tena kama kuna mtu wa hapa landhi aliyempa, naye akasema hakuna, alinunua mwenyewe. Hakugeuka kutazama upande wangu hata mara moja. Wanawake wengine walipandishwa lori la kwenda stesheni. Yeye walimtenga, wakampandisha lori dogo lenye wavu, yeye na mtoto, pamoja na wanaume waliofungwa pingu. Likaenda upande mwingine.

Mama mkwe alinivuta ndani akafunga mlango. Alisema nimshukuru Mungu, maana yule jirani angetaja mlango wetu tungefukuzwa sote na mume wangu angepoteza kazi au zaidi. Alisema kweli. Tuliishi katika chumba kile miaka mingine mingi, watoto wakasoma, hakuna aliyetuuliza kitu. Nimeuliza watu habari za jirani yangu, na hakuna anayejua.

Kutoka mlangoni kwangu hadi lile lango ni hatua kumi na tano. Nilisikia kila swali aliloulizwa, na jibu nilikuwa nalo mimi.