Nilipanga kwa Muuaji

Mwenye nyumba wangu alikuwa anawaomba radhi nguruwe. Sitii chumvi. Siku ya kuchinja alimwita mtu amfanyie kazi hiyo, kisha yeye akaenda ng'ambo ya kilima mpaka mambo yaishe, na kabla ya kuondoka alipita bandani kuaga. Alikuwa mgane, mzee wa kanisa, na mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi hapo Karatu, miaka ile sukari ilipokuwa ya foleni na karatasi ilikuwa mali.

Mimi si mpole. Ng'ombe wa jirani waliingia kwenye mahindi yetu wakati wowote walipojisikia, na yeye aliwasindikiza nje kama wageni. Nikaona kama mwenyewe hawezi kulipiza, nitamlipizia mimi. Nikachukua daftari la hesabu, nikaanza kumchora hadithi ya picha.

Mchana, katika picha zangu, alikuwa yuleyule: kipara, pengo la jino la mbele, Biblia kwapani. Jua likizama alijifunga usoni kanga ya marehemu mkewe, akavaa buti za mpira, akashika panga. Mwenye ng'ombe alikatwa vipande, akaning'inizwa buchani. Mtu aliyeruka foleni ya sukari alifukiwa kwenye sukari hadi shingoni, kisha wakaitwa siafu. Mwenye duka, aliyekuwa akituuzia maharage yenye mchanga, alisagwa mashineni na pumba wakapewa kuku. Asubuhi muuaji aliosha buti, akalisha nguruwe, akawahi ibada.

Daftari nililificha katikati ya madaftari ya zamani ya wanafunzi. Hapo nilikosea, maana maduka yote yalifungia chumvi, ugoro na pilipili kwa karatasi za madaftari, na mwenye duka aliyapokea kwa kubadilishana na viberiti. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta rundo halipo na viberiti vinne viko mezani. Mwenye nyumba alikuwa amenisaidia. Alijibeba mwenyewe kwapani, yeye na panga lake, akajipeleka dukani.

Mwenye duka hakuwa na habari na alichokuwa akichana. Ukurasa wa kifo chake mwenyewe aliufungia pilipili ya mama mmoja wa kwaya.

Baada ya wiki mbili mtaa ulikuwa unanunua chumvi nyingi kuliko ilivyolika. Mwenye ukurasa wa siafu alimtafuta mwenye mwanzo wa siafu, wakabadilishana. Waliouawa hawakununa. Aliyenuna ni balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye sikumchora kabisa, na aliuliza hadharani kama yeye si mtu. Ng'ombe wa jirani wakaacha kuingia shambani. Mwenye nyumba alipopita barabarani aliamkiwa mara mbili mbili, na yeye akadhani ni matunda ya sala.

Nilicheka mpaka siku walipokuja watu wa kijiji cha Qurus. Huko mwenye nyumba alikuwa na mjane aliyemchumbia mwaka mzima kwa kumpelekea mbegu za vitunguu. Kwa desturi, ndugu wa mwanamke huja kwanza kuuliza majirani tabia ya mchumba. Wakiridhika hunywa chai kwake, na chai ikinyweka mambo yanaendelea. Walikuja kaka wawili. Kila waliyemuuliza alisema ni mpole mno. Wakafika uani, wakakaa, na yule mkubwa akafungua ugoro alioununua dukani.

Akautazama ukurasa. Akamtazama mwenyeji akimimina chai. Akautazama tena ukurasa.

"Simba mwenda pole," alimwambia mdogo wake, "ndiye mla nyama." Wakaondoka.

Mwenye nyumba aliosha vikombe, ambavyo vilikuwa vyangu, akanirudishia. Alisema labda chai ilinuka moshi. Niliumia sana, nikamweleza yote palepale. Aliniuliza kama kanga ya mkewe niliichora na maua yake. Sikuwa nimeyachora.

Jumamosi nilikwenda Qurus kukiri. Mjane alikuwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua muda wote niliokuwa nikisema.

"Mwalimu," aliniuliza, "wewe umepanga uani kwake. Akifunga mlango, kunasikika nini?"

Nikamwambia kunasikika nyimbo za kanisani. Asubuhi anaongea na nguruwe.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, mama."

Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Marehemu wangu alikuwa mpole kwa Qurus nzima. Hata kuku wa jirani hakumfukuza." Alivuta mkono wa sweta, nikaona mfupa uliowahi kuvunjika ukaunga kombo. "Kaka zangu waliuliza majirani zamani zile pia. Wakanywa chai."

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, bila kaka, akanywa vikombe viwili mbele ya mtaa mzima. Mwenye nyumba alimwaga cha kwake. Nilipomsindikiza mjane barabarani kungoja lori, aliniuliza kama lile daftari lilikuwa limebakiwa na kurasa. Nikamwambia limeisha lote kwenye chumvi, ila ninaweza kupata jingine.

"Lipate," alisema. "Umchore marehemu. Na huyu wangu akimjia usiku, usimpe panga kali. Mpe butu."