Gongo Lililotoka Kwenye Umuvure

Gongo lao la kriketi lilipasuka Jumapili, kutoka kwenye mpini hadi katikati ya kibao. Kapteni, kijana mrefu aliyelelewa Kampala, alilifunga kwa waya, akalipiga chini mara mbili, likalia kama debe.

"Hii nakufa," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Mtu ataleta gongo ingine, huyo atacheza wa kwanza. Hata kama ni nyanya yangu."

Wote wakacheka. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Mimi nitaleta."

Walinigeukia kana kwamba jiwe nililokalia ndilo limesema. Kwa wiki sita nilikuwa nimekuja pale kila Jumapili, kwenye kiwanja cha nyuma ya shule moja ya Remera, mtaa wa Kigali, na walikuwa hawajanisikia nikitamka neno. Waliniita Bubu.

"Ehee! Bubu iko nasema!"

"Utatoa wapi?" aliuliza kapteni.

"Nitatengeneza."

"Umeshatengeneza nini wewe?"

"Stuli," nilisema. Nilidanganya.

"Sawa. Jumapili mbili. Usipoleta, hapa usikanyage tena."

Ulikuwa mwisho wa mwaka 1994. Tulikuwa tumetoka Tanzania, upande wa Shinyanga, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi na ambako nilimaliza darasa la saba. Mama alikuwa amefia huko. Kigali tulikuja watatu, baada ya vita na mauaji ya mwaka ule: baba, shangazi na mimi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuomba chakula na kuitikia wakubwa, na Kiingereza cha wale vijana sikukijua. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuwa na mwenzangu hata mmoja. Nilijua kwamba nikishindwa kuleta lile gongo, nitarudi kukaa uani na shangazi kuchambua maharage, na itakuwa hivyo mpaka nitakapozeeka. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule.

Nyuma ya baa moja ya Gisimenti kulikuwa na fundi seremala, mzee wa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, aliyekuwa akitengeneza milango usiku na mchana kwa sababu milango mingi ya mji ilikuwa imevunjwa. Nilisimama mlangoni kwake asubuhi nzima kabla hajaniuliza shida yangu. Alinikopesha msumeno na randa kuukuu.

Nilianza na mkaratusi, kwa kuwa ndio mti uliokuwa kila mahali. Niliukata ukiwa mbichi. Nilichonga siku mbili, viganja vikatoka malengelenge, na siku ya tatu nilipouacha juani ukapasuka wenyewe kwa mlio. Nikakata mwingine. Huo haukupasuka, ila ulikuwa mzito kiasi kwamba kuunyanyua tu ilikuwa kazi. Kisha nikapata ubao wa sanduku. Nilipoupiga kwa jiwe ukavunjika vipande viwili, kipande kimoja kikanipiga gotini.

Fundi aliniangalia nikichechemea. "Mwanangu, tafuta mti mkavu, mwepesi, wenye nyuzi ndefu. Mti uliokaa. Huwezi kuukausha kwa wiki moja, labda uwe na jua lako mwenyewe."

Zilikuwa zimebaki siku sita.

Nyumba tuliyokaa haikuwa yetu. Tuliikuta wazi, kama watu wengi walivyokuta nyumba siku zile, na jamaa mmoja wa baba akatuambia tuingie. Shangazi alifagia, akachemsha maji ya kuoshea sakafu, na kila siku aliniambia, "Mtu akiuliza habari za nyumba, usiseme chochote. Niite."

Nyuma ya jiko, chini ya paa dogo, kulikuwa na hori refu la mti, limechongwa kama mtumbwi kutoka gogo moja. Nililiona tangu siku ya kwanza. Shinyanga tulikuwa na hori kama hilo la kunyweshea ng'ombe, na humu hapakuwa na ng'ombe wala mtu wa kuwarudisha. Shangazi alikuwa ameweka kuni ndani yake. Nilizitoa. Niligonga ubavu kwa kifundo cha kidole, ukaitika. Mti ulikuwa mkavu, mwepesi, wa rangi ya maziwa yaliyoganda.

Nilikata upande mmoja, kipande kirefu kama mkono wangu na nusu. Ubavu wa hori ulikuwa umepinda kidogo, na gongo zuri la kriketi nalo hupinda kidogo. Niliona kwamba hatimaye kuna kitu duniani kilichokuwa kinaningoja mimi. Nilipiga randa siku tatu. Nilikata nafasi ya V juu ya kibao, nikaingiza mpini wa jembe nilioupunguza, nikatia gundi ya fundi, nikafunga kamba, na juu ya kamba nikavuta kipande cha tyubu ya baiskeli. Shangazi aliyakusanya maranda kila jioni akawashia jiko. Alisema yanashika moto haraka.

Ijumaa nilirusha mpira ukutani ukarudi, nikaupiga. Mlio ulikuwa mfupi na mnene, na gongo halikuniuma mikononi. Palitoka harufu kidogo, kama ya ndizi zilizochacha. Sikuijali. Niliupiga tena na tena mpaka jirani akalalamika.

Fundi alipoliona alicheka. "Hili ni kasia! Unavuka mto gani?" Lakini alilipima mkononi, akaangalia nyuzi za mti kwa jicho moja. "Umeupata wapi?"

"Nyumbani," nilisema.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nyuma ya jiko nikilipaka mafuta ya kupikia niliposikia hodi. Shangazi alifungua. Aliyebisha alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, viatu vya mpira. Alikuwa ametembea kutoka Masaka, pembeni mwa Kigali, alikokuwa akiishi kwa ndugu yake. Alikataa kuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti, akashusha pumzi.

"Hii ilikuwa nyumba yetu," alisema. "Mambo ya nyumba wakubwa watayazungumza siku nyingine, mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza umuvure."

Shangazi aliuliza, "Umuvure wa pombe?"

"Ule wa nyuma ya jiko. Mzee wangu aliuchonga mwenyewe. Wanangu wawili walipokwenda kuposa, pombe yao ya ndizi ilitoka humo." Akakaza kitambaa chake. "Sasa nimebaki na mdogo wao peke yake, na anataka kuposa."

Nilisikia kila neno, na nilielewa kila neno, na Kinyarwanda changu hakikuwahi kunielea vizuri kama siku hiyo. Hori lile halikuwa la ng'ombe; ndilo umuvure, la kutengenezea pombe ya ndizi. Nilikuwa nimeligeuza, upande uliokatwa ukaangalia ukuta.

Alikuja nyuma na shangazi. Nililisukuma gongo chini ya gunia. Mama yule hakuniangalia. Aliweka kiganja juu ya ukingo wa umuvure, akaanza kutembea akiupapasa, kama mtu anayepita kando ya mnyama mpole. Alizunguka mwisho wake, akapitisha mkono upande wa ukutani. Mkono ukafika kwenye pengo ukasimama.

"Nani kaukata?"

"Tuliukuta hivyo," alisema shangazi. Aliamini hivyo. Tangu alipoutia kuni hakuwahi kuuangalia ubavu wake.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote, na hakuna ambaye angeuliza tena. Kesho yake ningesimama mbele ya vijiti vitatu, wa kwanza, na gongo langu.

"Ni mimi," nilisema.

Nililitoa chini ya gunia nikampa kwa mikono miwili. Alilipokea, akalipindua, akagusa tyubu ya baiskeli.

"Hiki ni nini?"

"Ni cha mchezo, mama."

"Mchezo," alisema. Alilinusa. Kisha alinirudishia polepole, kana kwamba ni zito. "Ndizi nitazivundika baada ya wiki mbili. Nitarudi baada ya wiki tatu."

Hakunitukana. Shangazi ndiye aliyenitukana, baada ya lango kufungwa, mpaka akaishiwa sauti, kisha akakaa chini akalia, na nadhani hakuwa akilia kwa ajili ya umuvure peke yake.

Nilikimbia Gisimenti. Nilimwomba fundi arudishe kipande mahali pake. Alikuja na patasi, akang'oa mpini, akakipima kibao kwenye pengo. Kilicheza kama jino la mtoto.

"Juu umekata V. Huku umepunguza. Mgongo umeupa kilima. Maranda yako wapi?"

"Tumewashia jiko."

"Basi umuvure mmeunywa kwenye chai." Hakucheka. Alijaza V kwa kipande cha mti mwingine, akakibana kibao kwenye pengo kwa vijiti badala ya misumari, maana msumari hushika kutu na kuharibu pombe. "Utavuja. Tia maji kila siku. Mti ukinywa maji unavimba, huenda nyufa zikajifunga. Huenda, nimesema."

Jumapili sikwenda kiwanjani. Jumatano nilikutana na kapteni barabarani.

"Bubu! Gongo iko wapi?"

Nilitaka kumweleza. Maneno yalikuwa mengi kuliko niliyowahi kuyasema Kigali nzima, na yalianzia mbali.

"Sina," nilisema.

"Nilijua. Mdomo tu." Akapita.

Maji ya bomba yalikuwa hayatoki. Nilikwenda chemchemi na dumu la lita ishirini, alfajiri na jioni, nikamwaga ndani ya umuvure. Siku ya kwanza maji yote yalikwisha kabla sijafika tena chemchemi. Baada ya wiki yalikaa kwa muda wa kuosha vyombo. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walinicheka, kijana mzima anabeba maji ya kumwaga chini. Siku moja nilimkuta shangazi amebeba dumu moja yeye mwenyewe.

Mama wa Masaka alirudi siku aliyosema. Nilikuwa nimeujaza umuvure asubuhi ile. Tulikaa yeye upande huu, mimi ule, tukiangalia. Saa nne ukingo wa maji ulikuwa pale pale. Saa tano pale pale. Karibu na saa sita tone la kwanza lilitokea kwenye kona ya chini ya kibao changu, likaning'inia, likaanguka. Kisha la pili. Juisi ya ndizi hukaa humo siku mbili au tatu mpaka iwe pombe.

Niliinamisha kichwa. Nilingoja aseme.

Alikinga kiganja chini ya tone, akalihisi linakotoka. "Hapa," alisema. Alichana uzi wa ganda kavu la mgomba, akautafuna kidogo ulainike, akauingiza kwenye ufa kwa ukucha wa kidole gumba. Aliangalia. Tone likachelewa, kisha likaja.

"Leta maji mengine," alisema.

Nikachukua dumu.