Capitoline na Majani ya Umuravumba

Mama aliyemzaa mama yangu aliitwa Capitoline. Aliishi Luvungi, nyumba ya tatu kutoka barabara ya Bukavu, na alilima pamba kama wote waliolazimishwa kulima pamba katika bonde la Ruzizi miaka ile. Lakini watu hawakumjua kwa pamba. Walimjua kwa umuravumba, mmea wenye majani yanayonuka vikali, alioupanda mwenyewe nyuma ya jiko. Shangazi yake alimfundisha angali msichana: majani yanatwangwa, yanakamuliwa katika maji, mgonjwa anakunywa. Mwenye kuumwa tumbo, mwenye homa, mwenye kikohozi, wote walikuja kwake. Majani aliyapima kwa kiganja, na kiganja kilikuwa kilekile, mgonjwa awe mwanamume wa kubeba magunia ya pamba au mtoto anayejifunza kutembea.

Mwezi wa nne wa mwaka 1956, mama yangu, Candide, aliyekuwa ameolewa Kamanyola, alikuja kumsalimia pamoja na binti yake wa kwanza, Charlotte, wa miaka mitatu. Dada yangu huyo mimi sikumkuta duniani. Siku ya pili homa ilimshika. Asubuhi walimpeleka dispensari, infirmie Donatien, muuguzi wa pale, akampa dawa na kuwaambia wamrudishe kesho yake. Ilipofika saa sita mwili ulikuwa bado unachoma. Capitoline hakuona ubaya wowote kusaidia.

Alimpa kikombe cha kwanza, mtoto akatapika. Capitoline akafikiri dawa yote imemwagika chini kabla ya kufanya kazi, akatwanga tena. Charlotte alikunywa kwa shida, akatapika tena, kisha akalegea. Mama yangu akasema labda wangoje kidogo. Capitoline akamjibu kwamba homa haitawangoja wao, akamshika mtoto kidevu taratibu, akamnywesha mara ya tatu. Alikuwa akimwimbia. Kila aliponisimulia habari hii mama yangu hakuliacha jambo hilo: alikuwa akimwimbia.

Saa kumi alasiri mikono ya Charlotte ilikuwa baridi na pumzi zake zilikuja moja moja. Mama yangu alimfunga mgongoni kwa kitenge, wakakimbia. Pale dispensari Donatien alimlaza mezani, akamsikiliza kifuani muda mrefu, kisha akakivuta kitenge mpaka usoni.

Majirani walisema ni homa. Katekista alisema ni homa. Siku ya tano baada ya mazishi Capitoline alikwenda dispensari peke yake, akakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha. Alimweleza Donatien kila kitu, hakupunguza. Donatien alimuuliza ni majani kiasi gani, akamuuliza ni mara ngapi.

"Mama," alisema, "ile majani iko dawa, sikatai. Lakini kwa mutoto mudogo, mara tatu, inakuwa sumu. Kutapika kule, ni mwili yake ilikuwa inaikataa."

Akaongeza kwamba hawezi kuapa ni nini hasa kilichomwondoa Charlotte, homa au majani, pengine vyote viwili. Alidhani anamfariji. Lakini Capitoline alikuwa amekwisha kuacha kumfikiria Charlotte. Alikuwa anamfikiria Venant.

Venant alikuwa mtoto wa kwanza wa Louise, jirani yake wa upande wa mtoni, na alikuwa amekufa miaka sita kabla. Naye alitapika. Naye alipewa tena. Siku ile pia watu walisema ni homa, na Louise alimshukuru Capitoline mbele ya waombolezaji kwa kutomwacha mtoto hata dakika moja. Louise alizaa wengine baadaye, lakini kijiji kizima kiliendelea kumwita Mama Venant.

Hakuna aliyemshuku Capitoline. Mama yangu alimsihi anyamaze, akasema Louise alishalia machozi yake yakaisha, kumrudishia msiba ni kumwonea. Capitoline alikwenda hivyo hivyo. Alimkuta Louise mlangoni anachambua maharage. Alipewa kiti, hakukaa.

"Mama Venant," alisema, "mutoto wako, ni minye nilimuua. Sikujua. Nilimupa majani mingi."

Louise aliendelea kuchambua, akatoa mawe mawili, matatu. Kisha akaweka ungo chini.

"Nilikuwa nimekwisha kutulia, Mama Candide. Mutoto wangu nilimuachia Mungu. Sasa unataka nimutoe kwa Mungu, nimulete kwako weye?"

Louise akamwambia aende nyumbani kwake, na hakupaza sauti.

Tangu hapo waliokuja kuomba majani aliwaelekeza dispensari. Wengine walikasirika, wakasema amekuwa na maringo. Akiulizwa sababu aliitaja, pamoja na majina ya watoto wote wawili, na wapo waliotoka hapo wakaenda kwa mwanamke mwingine aliyetwanga majani yaleyale. Mama yangu alirudi kwao Kamanyola, akakaa miaka miwili bila kufika Luvungi. Alifika nilipozaliwa mimi. Anasema Capitoline alinipokea kwa mikono miwili, akanitazama, akanirudisha haraka kama aliyepewa kitu cha mtu mwingine.

Louise hakumtangaza kwa mtu yeyote. Walipokutana kisimani aliweka ndoo yake, akangoja Capitoline amalize kuteka, macho yake yakiwa upande wa milima. Kiangazi kilichofuata alihamia Lemera kwa kaka yake, yeye na watoto wake. Kwa miaka mingi, kila aliyeteremka kutoka Lemera na mzigo wa viazi akipita Luvungi, Capitoline alimsimamisha na kumuuliza kama anamjua Mama Venant. Wengi walimjua. Walisema yuko, analima, ni mzima. Capitoline aliwauliza kama ametuma neno. Hakuwa ametuma.