Wastani wa Miaka Sita

Nakumbuka siku niliyoshuka treni Nairobi na dadangu Naliaka, baada ya safari ndefu kutoka Butere, miguu imevimba, godoro tumelifunga kwa kamba ya katani. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza. Mwanangu, nimehama miji mingi tangu hapo, lakini siku zile bado zinanifuata.

Tulipokelewa Donholm na Mama Nekesa, binamu wa mama yetu, mwalimu wa hesabu. Jioni alinifundisha kwa ajili ya mtihani wa chuo. Maswali yake yalikuwa ya ajabu: hayakutaka jibu, yaliuliza kama ulichoambiwa kinatosha kulipata. Moja lilisema watu watano wana wastani fulani wa umri. Je, yule wa katikati, ukiwapanga kutoka mdogo hadi mkubwa, yuko juu ya wastani au chini? Nikasema habari inatosha.

"Umeambiwa nini juu ya huyo wa katikati?" akaniuliza.

Nilidhani ni mambo ya karatasi tu.

Kisha nikapata kazi ya zamu ya usiku kiwandani, na chumba cha kukodi katika nyumba kuukuu ya Kaloleni. Naliaka angelala humo peke yake. Msimamizi wa nyumba alinituliza: wapangaji watano wamepita, na kwa wastani mtu hukaa miaka sita. Miaka sita, mwanangu! Nikaona tumefika nyumbani.

Mama Nekesa akasisitiza kukiona kwanza. Tulikwenda adhuhuri, godoro nimelibeba, jua kali nje, lakini ndani Naliaka alijifunga leso mabegani. Msimamizi akaurudisha mlango. Dirishani niliona treni ikipita, behewa baada ya behewa, na sikusikia chochote.

Katika mitaa ile kila mpangaji mpya alipaka rangi yake kabla ya kuingia. Mama Nekesa akaenda kwenye kona ya jiko, akakwangua ukuta kwa ufunguo. Rangi ya maziwa, safi. Kijani, safi. Waridi, safi. Buluu, safi. Chini kabisa nyeupe, na juu yake masizi mazito kama lami.

"Wapange kwa muda waliokaa," akaniambia. "Wa katikati ni yupi?"

"Mmoja wa hawa wasio na masizi."

"Alipika hapa mara ngapi?"

Wanne walikuwa wametoka kabla jiko halijachafua ukuta. Miaka yote ilikuwa ya mtu mmoja, ikagawiwa kwa watano.

Mama akamgeukia msimamizi, akamwuliza huyo wa kwanza alihamia wapi.

"Nani amekwambia alihama?" akasema yule mtu kwa upole, akitazama kona.

Naliaka alikuwa ameshatoka. Nikambebea godoro kurudi Donholm, na zamu ya usiku nikaiacha hadi tulipopata chumba jirani na Mama Nekesa.

Siku niliyohama Nairobi kabisa, nilipita Kaloleni nikielekea stesheni. Mlango ule ulikuwa wazi. Kijana mmoja alikuwa akipaka rangi ya chungwa, mkewe mjamzito ameketi nje juu ya ndoo.

"Niaje, buda," akanisalimu.

Nikamwuliza ameambiwa watu hukaa muda gani. Akatabasamu: "Kwa wastani, miaka mitano."

Mitano. Mtu mmoja zaidi alikuwa ameingia na kutoka, wala hakuongeza kitu. Nikamwomba akwangue kona ya jiko. Alipozipita rangi zote safi akafika kwenye masizi, aliiweka brashi chini polepole, akamwita mkewe wainuke waende.

Mwanangu, ukipewa wastani, usifurahi wala usiogope. Mtu mmoja anaweza kuuinua peke yake. Uliza habari za aliye katikati, na usipopewa, sema hujaambiwa vya kutosha. Mungu akupe nyumba ambayo sauti za nje zinaingia, na ukuta wake uchafuke kwa moshi wa chakula chako mwenyewe.